Tarehe ya Neno: Historia ya Zana za Kutafutia Maandiko ya Kiswahili na Mpango wa Utafutaji wa Mtafiti

Ikisiri

Makala haya yanajadili namna mtafiti wa isimu na fasihi ya Kiswahili anavyoweza kupanga utafutaji wa maandiko kabla ya kuandika mapitio yake. Hoja kuu ni kwamba zana za utafutaji, kuanzia bibliografia na katalogi hadi kanzidata za kompyuta, zina historia, na kila moja imerithi mipaka ya walioiunda: mipaka ya wakati, ya lugha, ya herufi na ya taaluma. Vilevile, neno analolitumia mtafiti kutafutia lina tarehe yake, kwa kuwa majina ya lugha, ya majarida, ya tungo na ya dhana yamebadilika mara nyingi tangu katikati ya karne ya 19. Kwa kutumia mfano wa maandiko yanayomhusu Fumo Liyongo, makala yanaonesha jinsi utafutaji wa neno moja unavyoweza kuficha zaidi ya nusu karne ya kazi. Mwisho, yanapendekeza mpango wa utafutaji unaozingatia historia hiyo pamoja na maumbo ya maneno ya Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Katika mapendekezo mengi ya utafiti wa uzamili na uzamivu, mapitio ya maandiko humalizika kwa sentensi inayofanana: mada hii haijawahi kuchunguzwa, kwa hiyo kuna pengo. Sentensi hiyo ni nzito kuliko inavyoonekana. Ni dai kuhusu maandiko yote yaliyopo, yaliyosomwa na yasiyosomwa. Mwandishi wake anatoa ushahidi, kwa dhamana ya jina lake na la chuo chake, kwamba watangulizi walilinyamazia jambo hilo. Hata hivyo, mara nyingi kilichothibitishwa ni kidogo zaidi: kwamba maneno fulani, yaliyoandikwa kwa tahajia fulani, yakaingizwa katika mtambo fulani, hayakuleta jibu.

Umbali uliopo kati ya madai hayo mawili ndio unaoshughulikiwa na makala haya. Umbali huo una gharama. Gharama ya kwanza ni ya mtafiti mwenyewe, anayetumia miaka kurudia kazi iliyokwisha kufanywa. Ya pili ni ya taaluma, inayodhani imepiga hatua kumbe imezunguka palepale. Ya tatu, ambayo haizungumzwi sana, ni ya watangulizi. Mwandishi aliyechapisha kwa Kiswahili katika jarida dogo lililotoka kwa nakala chache alikwisha kukosa wasomaji wengi katika zama zake. Tunapotangaza pengo mahali alipoandika, tunamfuta mara ya pili.

Vitabu vya mbinu za utafiti hueleza utafutaji wa maandiko kama stadi ya kiufundi: chagua maneno ya msingi, ingia katika kanzidata, chuja matokeo. Maelekezo hayo ni sahihi kwa kiasi chake, lakini yanachukulia kwamba kila dhana ina jina moja lililotulia na kwamba zana inayotumika inaona kila kitu. Katika taaluma za Kiswahili hakuna hata moja kati ya hayo lililo kweli. Ili kufahamu sababu, inafaa kuanza na historia ya zana zenyewe.

2.0 Kutoka fihirisi hadi kanzidata

Kiswahili kina maneno faharasa na fahirisi, yote yakiwa na asili ya Kiarabu. Asili hiyohiyo ndiyo iliyotoa jina la mojawapo ya orodha mashuhuri za vitabu, al-Fihrist ya Ibn al-Nadim, iliyoandikwa Baghdad takriban mwaka 987. Ibn al-Nadim alikuwa mtu wa biashara ya vitabu. Aliyapanga maandiko ya Kiarabu aliyoyafahamu katika sehemu kumi, kwa kufuata taaluma na waandishi. Orodha yake ni hazina, lakini ni hazina iliyokusanywa na mtu mmoja, katika mji mmoja, kwa kutumia yaliyofika mikononi au masikioni mwake. Sifa hiyo haikuishia kwake. Kila orodha iliyofuata ina mkusanyaji na mahali alipokaa.

Orodha za maandiko ya Kiswahili na yanayokihusu Kiswahili zilichelewa kupata umbo la kujitegemea. Krapf alichapisha muhtasari wake wa sarufi mwaka 1850, na Steere akatoa kitabu chake cha lugha ya Unguja mwaka 1870. Ilikuwa mwaka 1965 ndipo Marcel van Spaandonck alipochapisha Leiden bibliografia ya utaratibu ya isimu ya Kiswahili. Mipaka yake ilitangazwa katika jina la kitabu: isimu tu, kuanzia mwaka 1850 hadi 1963. Mwaka 1970 J. W. T. Allen alitoa katalogi ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu pamoja na kanda za sauti zilizohifadhiwa katika maktaba ya chuo cha Dar es Salaam. Katalogi ya Ernst Dammann ya miswada iliyoko Ujerumani ilitoka mwaka 1993. Mwaka 2003 Thomas Geider alichapisha katika toleo la 10 la Swahili Forum bibliografia ndefu ya fasihi, utamaduni na historia ya Waswahili.

Tukiziweka kazi hizi nne pamoja, tunaona kwamba hazirudiani. Ya kwanza inaacha fasihi. Ya pili inaishia katika mkusanyo mmoja. Ya tatu inahusu nchi moja ya Ulaya. Ya nne ina upana mkubwa, lakini imesimama kwenye mwaka wake. Mtafiti anayefungua moja tu amekubali mipaka yake bila kujua.

Maktaba nazo zina namna yao ya kuona. Mfumo wa Dewey, ulioanza mwaka 1876, unaiweka lugha ya Kiswahili katika namba 496.392 na fasihi yake katika 896.392. Mgawanyo huo una mantiki, ila haukuundwa kwa ajili ya vitabu vinavyochanganya mambo hayo mawili. Mfano mzuri ni sarufi ya lahaja ya Stigand, iliyochapishwa Cambridge mwaka 1915. Ndani ya kitabu hicho ndimo W. E. Taylor alimoweka toleo na tafsiri yake ya Inkishafi. Mtafiti wa ushairi anayezunguka katika rafu za fasihi peke yake atakutana na toleo la Hichens la mwaka 1939, na huenda akadhani kwamba historia ya uhariri wa utenzi huo inaanzia hapo.

Nusu ya pili ya karne ya 20 ilileta zana za aina nyingine. Mwaka 1964 taasisi ya Eugene Garfield huko Marekani ilianza kuchapisha faharasa ya marejeleo ya sayansi, iliyomwezesha mtafiti kujua ni nani waliolirejelea andiko fulani baada ya kuchapishwa. Wazo hilo lilikuwa jipya na lenye manufaa, lakini lilitegemea uteuzi wa majarida. Jarida lisiloteuliwa halikuhesabiwa, na marejeleo yaliyomo ndani yake hayakuonekana. Google Scholar, iliyoanza mwaka 2004, ilipanua wigo huo kwa kusoma chochote ilichoweza kukifikia mtandaoni. Hata hivyo, tasnifu iliyopigwa chapa ya mashine na kuhifadhiwa katika chumba cha maktaba ya chuo haimo mtandaoni, na kwa hiyo mtambo hauwezi kuisoma. Kwa taaluma yetu, sehemu kubwa ya kazi za miaka ya 1970 na 1980 iko katika hali hiyo.

3.0 Majina yaliyobadilika

Ugumu wa pili unatokana na majina. Tuanze na jina la lugha. Krapf aliandika Ki-Suáheli. Wajerumani waliandika Suaheli, na ndivyo yalivyo majina ya kazi za Büttner (1892, 1894), Velten (1903) na Meinhof (1910). Sacleux, aliyeandika kwa Kifaransa, alitumia Swahili katika kamusi yake ya mwaka 1939. Katika Kongo, kitabu cha Whitehead cha mwaka 1928 kinaitwa Manuel de Kingwana. Mtafiti wa lahaja za Kongo anayetafuta neno Swahili au Kiswahili peke yake anaweza kuzikosa kazi zilizotumia jina la Kingwana, ambazo ni miongoni mwa kazi za mwanzo katika eneo lake.

Majarida nayo yamebadilisha majina. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilianza kazi tarehe 1 Januari 1930, ikiyahusisha maeneo ya Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Makao yake yalikuwa Dar es Salaam, yakahamia Nairobi mwaka 1942, Makerere mwaka 1952 na Mombasa mwaka 1962, kabla ya kurudi Dar es Salaam na kuingizwa katika chuo kikuu, ambako hatimaye ilizaliwa TUKI na, tangu mwaka 2009, TATAKI. Chapisho la kamati hiyo lilianza kama taarifa ya kamati, likawa jarida la kamati, kisha likaitwa Swahili, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 linaitwa Kiswahili. Mfuatano ni mmoja, majina ni kadhaa, na maktaba nyingine zimeyaorodhesha kama majarida tofauti.

Hali hiyo si ya Afrika Mashariki pekee. Jarida lililoanza Hamburg mwaka 1910 kama Zeitschrift für Kolonialsprachen liliitwa Zeitschrift für Eingeborenen-Sprachen kuanzia mwaka 1920, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia likawa Afrika und Übersee. Swahili Forum lilianza mwaka 1994 ndani ya mfululizo wa Afrikanistische Arbeitspapiere wa Köln, na toleo lake la kwanza ni namba 37 ya mfululizo huo. Makala yaleyale yanaweza kurejelewa na mwandishi mmoja kwa namba ya mfululizo na mwingine kwa namba ya jarida, na msomaji akadhani ni makala mawili.

Eneo gumu zaidi ni istilahi. Anayechunguza mgogoro wa ushairi usiofuata vina na mizani atahitaji kujua kwamba wahusika hawakukubaliana hata juu ya jina. Tungo hizo, au zile zilizohesabiwa kuwa na kasoro ya aina hiyo, zimeitwa huru, za kisasa, mapingiti, za mlegezo, masivina na guni. Majina hayo hayalingani kimaana. Baadhi yalitumiwa na watetezi, na mengine yalikuwa lawama. Mtafiti anayetafuta mashairi huru pekee atakusanya sauti za upande mmoja zaidi, kisha atauita mkusanyo huo historia ya mgogoro. Hapo kosa la utafutaji limekwisha kuwa kosa la hoja.

Katika isimu hali ni hiyohiyo. Kilichoitwa jina katika sarufi za shule kilikuja kuitwa nomino. Isimujamii huandikwa kwa neno moja au mawili. Fasihi simulizi iliwahi kujadiliwa chini ya masimulizi, ngano na hekaya. BAKITA, lililoundwa mwaka 1967, na TUKI, iliyotoa Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha mwaka 1990, zimesaidia kusanifisha istilahi, lakini usanifishaji hutazama mbele. Haubadilishi maneno yaliyokwisha kuchapishwa. Kwa sababu hiyo, istilahi sanifu ya leo ni njia nzuri ya kupatia maandiko ya leo, na njia dhaifu ya kupatia yale yaliyoitangulia.

4.0 Mfano: maandiko kuhusu Fumo Liyongo

Tuchukue mtafiti anayetaka kujua jinsi kisa na tungo za Fumo Liyongo zilivyochapishwa na kuhaririwa. Akiandika Fumo Liyongo katika mtambo wa mtandaoni, ataelekea kupata kazi za miongo ya karibuni, zikiwamo Liyongo Songs ya Gudrun Miehe na wenzake, iliyochapishwa Köln mwaka 2004. Ni kazi muhimu, na marejeleo yake ni mlango wa kuingilia kwingine. Lakini mtafiti asipoupita mlango huo, ataona kana kwamba uchunguzi huu ni mchanga.

Kazi zilizotangulia zimejificha kwa njia mbalimbali. Steere alichapisha habari za Liongo na shairi linalonasibishwa naye katika Swahili Tales ya mwaka 1870. Hapo tahajia haina y, na jina la kitabu halimtaji shujaa. Katika miaka ya 1920 Alice Werner alichapisha London makala yaliyoitwa The Swahili Saga of Liongo Fumo, ambamo mpangilio wa jina umegeuzwa na utanzu umeitwa kwa neno la Ulaya ya kaskazini. Katika muongo huohuo Meinhof alichapisha Das Lied des Liongo katika jarida la Hamburg lililotajwa juu, wakati lilipokuwa likitumia jina lake la pili. Utenzi uliotungwa na Muhammad Kijuma mwaka 1913 umo katika Swahili Poetry ya Lyndon Harries (1962) na katika Tenzi Tatu za Kale, iliyohaririwa na M. M. Mulokozi (1999), vitabu viwili ambavyo majina yake makuu hayamtaji Liyongo.

Kijuma mwenyewe ni mfano ndani ya mfano. Jina lake huandikwa Muhammad au Muhamadi, Kijuma au Kijumwa, likiwa na bin Abubakari au bila hilo. Hakuna tahajia inayoweza kuitwa potofu, maana aliandika kwa herufi za Kiarabu, na kila mhariri alihamisha jina kwa kaida aliyoizoea. Jambo hilohilo linazihusu tungo. Utendi wa Tambuka unajulikana pia kwa jina la Chuo cha Herekali, na tasnifu ya Knappert kuuhusu, ya mwaka 1958, ina jina la Kiholanzi lisilo na neno Tambuka: Het Epos van Heraklios.

Kwa hiyo, ili kuufikia mkondo mzima wa Liyongo, mtafiti anahitaji angalau tahajia mbili za jina, mipangilio miwili ya cheo na jina, istilahi kadhaa za utanzu katika lugha tatu, na orodha ya mikusanyo ya ushairi ambayo lazima ifunguliwe yaliyomo kwa mkono. Hayo hayawezi kubuniwa mbele ya kompyuta. Yanatokana na kuijua historia ya uchapishaji wa somo lenyewe.

5.0 Mpango wa utafutaji

Kutokana na mjadala huu, mpango wa utafutaji unapaswa kuandikwa kabla ya utafutaji kuanza, na uwe na hatua zifuatazo.

Hatua ya kwanza ni jedwali la majina. Swali la utafiti livunjwe katika dhana zake, na kila dhana ipewe majina yote iliyowahi kuitwa, kwa lugha na kwa kipindi. Vyanzo vya jedwali hili ni kamusi za vipindi mbalimbali, sarufi za zamani, na wazee wa taaluma waliokuwapo wakati istilahi zilipobadilika.

Hatua ya pili ni kuyaandaa maneno kwa kuzingatia mofolojia. Kanzidata nyingi zinaruhusu kukata neno na kuweka alama ya nyota ili kupata maumbo yake yote. Mbinu hiyo inazifaa vizuri lugha ambazo umoja, wingi na unyambuaji huonekana mwishoni mwa neno. Katika Kiswahili nomino hubadilika mwanzoni: shairi, mashairi, ushairi, utenzi, tenzi, neno, maneno. Kukata mwisho wa neno shairi hakutaleta mashairi wala ushairi. Pale ambapo mtambo haukubali nyota mwanzoni mwa neno, kila umbo liandikwe peke yake. Kwa tungo, mtunzi na utunzi, hata mzizi unaonekana kwa sura mbili, kwa hiyo hakuna njia ya mkato.

Hatua ya tatu ni kuyaunganisha maneno. Viunganishi vinavyotumiwa na kanzidata vinatokana na mantiki ya George Boole ya mwaka 1854. Majina mbalimbali ya dhana moja huunganishwa kwa au. Dhana tofauti huunganishwa kwa na. Kiunganishi cha kutoa kitumike kwa tahadhari, kwani huondoa pia andiko linalojadili mambo yote mawili. Majaribio yaliyoongozwa na Cyril Cleverdon huko Cranfield, Uingereza, katika miaka ya 1960 yalionesha kwamba ukamilifu wa matokeo na usahihi wake huelekea kuvutana: ukiongeza kimoja, kingine hupungua. Anayedai pengo anapaswa kuanza na ukamilifu, hata kama atalazimika kusoma vichwa mia mbili visivyomhusu.

Hatua ya nne ni kuchagua zana kwa kuzingatia mipaka yake. Kwa kila zana mtafiti aandike mambo mawili: inaona nini, na haioni nini. Bibliografia ya van Spaandonck itahitaji mwenzake kwa fasihi. Ile ya Geider itahitaji nyongeza ya miaka iliyofuata. Katalogi za miswada zitahitaji kusomwa ukurasa kwa ukurasa kwa sababu ya tofauti za tahajia. Magazeti kama Msimulizi (1888), Kiongozi la Tanga (1904) na Mambo Leo (1923), yaliyobeba mashairi na mijadala ya lugha, yapewe nafasi yake katika mpango.

Hatua ya tano ni kufuatilia marejeleo pande zote mbili: nyuma, kwa kusoma waliorejelewa, na mbele, kwa kutafuta waliorejelea. Upande wa nyuma una nguvu zaidi kwetu, kwa sababu marejeleo ya tasnifu moja ya zamani huweza kufichua majarida ambayo hayamo katika kanzidata yoyote.

Hatua ya sita ni daftari la utafutaji. Kila utafutaji uandikwe tarehe, zana, maneno kama yalivyoingizwa, na idadi ya matokeo. Daftari hili humwezesha msimamizi au mtahini kuukagua utafutaji, na humwonesha mtafiti pa kusimama: pale ambapo zana mpya na majina mapya yanarudisha maandiko yaleyale yaliyokwisha kuonekana.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba utafutaji wa maandiko ya Kiswahili ni sehemu ya utafiti wenyewe, kwa kuwa unahitaji ujuzi wa historia ya lugha, ya istilahi na ya uchapishaji. Yanapendekezwa mambo mawili. Kwanza, vyuo vinavyotahini tasnifu za Kiswahili vidai kiambatisho kifupi chenye jedwali la majina na daftari la utafutaji, kama vinavyodai hojaji na miongozo ya mahojiano. Pili, dai la pengo liandikwe pamoja na mipaka yake: katika bibliografia hizi, kwa majina haya, hadi tarehe hii, hatukupata kazi inayojadili jambo hili. Mtahini anaweza kulikagua dai la namna hiyo, na msomaji anayejua andiko lililosahaulika anaweza kulijibu. Waandishi wa zama za taarifa ya kamati na za Mambo Leo nao watapata nafasi ya kuhesabiwa miongoni mwa waliotutangulia.